Muziki wa simu bila waya kwenye gari la zamani: tuanze na redio iliyomo

Mwenye uzi, Nakuru

Hamjambo nyote. Swali la jinsi ya kusikiliza muziki wa simu kwenye gari la zamani bila kuning'iniza waya linaulizwa mara kwa mara, na karibu majibu yote huanza na kifaa cha kununua. Mimi naona tuanzie kwingine. Kifaa kinachokufaa huamuliwa na redio iliyomo ndani ya gari, yaani na mlango ambao redio hiyo inao wa kupokea sauti kutoka nje. Ndiyo maana mwenye Corolla na jirani yake mwenye Demio wanaweza kununua kidude kilekile katika duka moja hapa Kenyatta Avenue, mmoja akafurahi na mwingine akakitupa kabla ya mwisho wa juma. Naomba nieleze kwa kirefu, kisha mafundi waliomo humu wanijazie.

Wengi huanza na transmita ya FM, ile inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kwa kuwa haihitaji kufungua chochote. Inapokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kisha inautangaza upya kama kituo kidogo cha redio, nayo redio ya gari inaunasa kwa antena yake. Kwa gari lililouzwa jipya hapa Kenya, au lililotengenezewa soko la Ulaya, mpango huo unaweza kufaulu. Lakini magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na redio za Japani za miaka ile ziliundwa kupokea FM kuanzia 76 hadi 90 MHz, ilhali vituo vya Kenya, pamoja na transmita zenyewe, hutumia 87.5 hadi 108. Pande hizo mbili zinakutana kati ya 87.5 na 90 peke yake, na katika kipande hicho chembamba unatakiwa upate mahali ambapo hakuna kituo chochote kinachosikika. Ukipapata Nakuru mjini, huenda ukifika Kericho kuna kituo kimekalia palepale, na kwa tabia ya FM, mawimbi yenye nguvu zaidi humeza yaliyo dhaifu. Transmita hizi zimezuiliwa kisheria katika nchi nyingi ziwe na nguvu ndogo sana, na kule Ulaya kikomo ni nanowati 50, kwa hiyo haziwezi kushindana na mnara wa kituo halisi hata kama umesimama mlimani mbali.

Kuna waliofungiwa ekspanda, kile kidude kidogo kinachowekwa kati ya antena na redio ili redio ya Japani ivipate vituo vyetu. Ekspanda hushusha masafa yote kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hutofautiana kutoka moja hadi nyingine. Ikiwa yako inashusha kwa 12 MHz, basi transmita uliyoiweka 100.1 itasikika redioni kwenye 88.1, wala si 100.1. Nimeona watu wakizungusha kitufe mchana kutwa wakidhani transmita imekufa, kumbe walikuwa wakiitafuta mahali ambapo haiwezi kuwa. Tazama kibandiko kilicho juu ya ekspanda, kwa kawaida kiasi hicho kimeandikwa, kisha upige hesabu kabla ya kulaumu kifaa.

Hata ikifanya kazi vizuri, FM ina kikomo chake. Utangazaji wa stereo hukata sauti zote zilizo juu ya takriban 15 kHz ili kulinda ishara ya 19 kHz inayoiambia redio kwamba matangazo ni ya stereo. Kwa taarifa za habari hutaona tofauti. Kwa benga, ambapo gitaa la juu na matoazi ndiyo yanayoubeba wimbo, utaona kwamba kitu kimefifia, na huko chini utasikia mvumo mdogo usiokwisha. Kwa sababu hiyo mimi huiweka transmita mwisho wa orodha, pale tu ambapo mlango wa waya umekosekana kabisa.

Mlango wa waya ndio wa kuutafuta kwanza. Tazama uso wa redio uone kama kuna tundu dogo la milimita 3.5 lililoandikwa AUX. Likiwepo, kazi yako ni nyepesi: unanunua kipokezi kidogo cha Bluetooth, unakipa umeme wa USB, unachomeka pini yake kwenye tundu hilo, na simu inakiona kama inavyoviona vipaza sauti vingine. Hapo muziki haupiti hewani mara mbili. Unatoka kwenye simu hadi kwenye kipokezi kwa Bluetooth, na kutoka hapo unafuata shaba hadi kwenye spika. Bluetooth nayo hubana sauti, lakini hata mbinu yake ya msingi ya SBC, ikiachwa kwenye kiwango chake cha juu cha kawaida cha takriban kilobiti 328 kwa sekunde, ni bora kuliko FM kwa mbali.

Tundu lisipoonekana mbele, usikate tamaa, kwa maana redio nyingi zina mlango uliofichwa nyuma. Kwenye magari ya Toyota ya wakati ule, fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa kwa klipu, na redio yenyewe kwa boliti ambazo mara nyingi ni za spana namba 10. Fanya kazi hiyo gari likiwa limepata jua, kwa sababu plastiki ya zamani kwenye baridi ya asubuhi ya Nakuru huvunjika kama biskuti, na utumie kipande cha plastiki au mbao laini badala ya bisibisi ili usikwaruze dashibodi. Ukiona plagi au waya wa rangi ya manjano uliofungwa ndani ya ala ya manjano, usiuguse, kwani hiyo ndiyo njia ya mifuko ya hewa. Redio ikishatoka, igeuze usome mgongo wake. Unatafuta mojawapo ya vitu vitatu: matundu mawili ya RCA, jekundu na jeupe, tundu lililoandikwa AUX, au soketi ya kibadilishaji CD, lile sanduku la CD nyingi lililokuwa likikaa kwenye buti. Kwa soketi ya namna hiyo huuzwa adapta zinazoidanganya redio iamini kwamba sanduku la CD limeunganishwa, kisha zinapitisha sauti ya Bluetooth mahali pa CD. Hakikisha tu umbo la soketi na idadi ya pini vinalingana na adapta, kwa kuwa Toyota peke yake ilitumia zaidi ya aina moja.

Mwisho kabisa kuna njia ya kubadilisha redio yote. Ni njia nzuri ikiwa iliyopo imechoka, lakini ina mambo yake ambayo nitayaeleza mtu akiuliza.

Mwalimu, Njoro

Asante sana kwa maelezo haya. Gari langu ni la miaka ya tisini, lenye redio ya kaseti isiyo na tundu lolote mbele wala nyuma. Nimeifungua kama ulivyoeleza na sikuona kitu ila plagi za spika na ya umeme, pamoja na ya antena. Redio yenyewe inacheza kaseti vizuri, na kwa kweli ninaipenda jinsi inavyofanana na gari. Je, ni lazima niiondoe?

Fundi wa redio, Kibuye, Kisumu

Mwalimu, si lazima. Una njia mbili, na zote zinaiacha redio yako mahali pake.

Ya kwanza ni kaseti ya adapta. Ndani ya ganda la kaseti hiyo kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachogusana na kichwa cha redio, na muziki unapita kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa nguvu ya sumaku bila utepe wowote. Zipo zenye waya, na zipo zenye Bluetooth na betri ndani yake. Safisha kwanza kichwa cha redio kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, maana uchafu wa miaka yote ile hufanya sauti iwe nzito. Kama redio yako ina mtindo wa kugeuza upande yenyewe, kaseti nyingine za adapta zitaisumbua, itakuwa ikigeuzageuza bila kutulia. Ijaribu kabla hujaondoka dukani.

Njia ya pili ndiyo ninayoifanya zaidi hapa kwangu, nayo ni kulehemu mlango mpya ndani ya redio. Mtu akitaka kuifanya lazima aelewe jambo moja. Kichwa cha kaseti hutoa sauti ndogo sana, isiyofika hata milivolti moja, ndiyo maana hatua ya kwanza ndani ya redio huikuza mara nyingi na kuirekebisha uzito wake. Kipokezi cha Bluetooth hutoa mamia ya milivolti. Ukikiunganisha kwenye nyaya za kichwa, utapata mkwaruzo mtupu. Mahali sahihi ni baada ya hatua hiyo, yaani pale sauti inapoingia kwenye kidhibiti cha sauti. Kwenye redio ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha, kila upande una miguu mitatu: mmoja ni arthi (upande hasi wa umeme, unaoungana na bodi ya gari), wa kati ni wa kutoa, na wa tatu ndio wa kuingiza. Huo wa tatu ndio tunaoutaka, upande wa kushoto na upande wa kulia. Mimi huweka kapasita ya mikrofaradi kati ya 1 na 10 kwenye kila waya ili volti ya moja kwa moja isipite, kisha naweka swichi ndogo ya kuchagua kati ya kaseti na simu, ili vyanzo viwili visigombane.

Neno kuhusu viungo. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu hazidumu Kisumu. Dashibodi ikikaa juani mchana, gundi ya tepu inayeyuka, tepu inateleza na waya unabaki uchi. Lehemu kila kiungo, kisha uvishe ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Ukimpelekea fundi kazi hii na ukaona anasokota tu, mwombe kwa heshima alehemu, na umlipe kwa muda atakaoutumia.

Mkulima, Bungoma

Nimefuata njia ya AUX na muziki unasikika, ila kuna mluzi unaopanda kila nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachia. Fundi mmoja aliniambia ninunue kipokezi cha bei kubwa zaidi. Nimenunua, na mluzi ni uleule. Tatizo ni nini hasa?

Mwenye uzi, Nakuru

Ndugu yangu, kipokezi chako cha kwanza hakikuwa na kosa, na pole kwa gharama hiyo. Mluzi unaofuata mwendo wa injini unatoka kwenye altaneta, mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, na unaingia kwenye muziki kwa sababu kipokezi kimeunganishwa na arthi ya gari kwa njia mbili kwa wakati mmoja: njia moja ni kupitia chaji ya USB iliyo kwenye tundu la kiberiti, na nyingine ni kupitia ganda la waya wa AUX unaokwenda kwenye redio. Sehemu hizo mbili za gari hazina volti sawasawa kabisa injini ikiunguruma, na ile tofauti ndogo husafiri ndani ya waya wa sauti, nayo redio huikuza pamoja na wimbo.

Jipatie uhakika kwa jaribio lisilo na gharama. Chomoa kipokezi kutoka kwenye chaji ya gari, kisha ukiendeshe kwa betri yake chenyewe au kwa pawabanki, uwashe injini na ukanyage mafuta. Mluzi ukitoweka, umethibitisha. Dawa ni kizuizi kidogo cha arthi kinachowekwa kwenye waya wa AUX, ambacho ndani yake kuna transfoma mbili ndogo zinazopitisha sauti kwa sumaku bila kuacha shaba igusane. Vile vya bei ya chini sana hupunguza kidogo sauti nzito za besi, hilo ulijue mapema. Ikiwa unafunga kipokezi kwa kudumu nyuma ya dashibodi, suluhisho bora zaidi ni kukilisha kwa kigeuzi cha volti 12 hadi 5 ambacho arthi yake ya kuingia imetengwa na ya kutoka.

Mluzi usipotoweka hata kwa pawabanki, basi hauingii kupitia kipokezi. Hapo kagua arthi ya redio yenyewe, uikwangue rangi na kutu mahali inapofungwa kwenye bodi, na uikaze vizuri.

Kwa kuwa nimegusia kufunga kwa kudumu, kuna kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye magari ya watu. Nyuma ya redio za dukani kuna waya wa njano (si ule wa mifuko ya hewa) wenye umeme wakati wote na waya mwekundu wenye umeme ufunguo ukiwashwa tu. Kipokezi kiunganishwe kwenye mwekundu, kikiwa na fyuzi yake ndogo. Kikiunganishwa kwenye njano na kikawa kinakula miliampia 50 tu, kitakuwa kimekula takriban ampia-saa 17 katika majuma mawili, na kwa betri ya ampia-saa 45 iliyozeeka hicho ni kiasi cha kukuzuia kuwasha gari ukirudi kutoka safari.

Muuguzi, Kakamega

Mimi gari langu si la zamani sana. Ni Premio yenye skrini kubwa, na maandishi yote ni ya Kijapani. Fundi anashauri niing'oe skrini na kuweka ya Android. Ninaona uchungu kuing'oa kwa sababu sauti yake ni nzuri. Je, nikubali?

Mwenye uzi, Nakuru

Dada, usikubali bado. Redio nyingi za aina hiyo zilizotoka Japani tayari zina Bluetooth ya muziki ndani yake, na kinachoizuia kutumika ni kwamba mwenye gari hawezi kusoma menyu. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha sauti utafute neno BT, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi zetu hata kwenye skrini ya Kijapani. Simu yako ikiwa na programu ya kutafsiri kwa kamera, ielekeze kwenye skrini ikusomee menyu moja baada ya nyingine. Ukiulizwa namba ya siri wakati wa kuunganisha, jaribu 0000 au 1234.

Jambo la kuogopa ni betri. Skrini nyingi za Toyota zenye ramani hufunga kila kitu umeme ukikatwa, na nyingine zinadai kadi ya SD iliyokuja nazo. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote akate betri kabla ya kuhakikisha kadi hiyo ipo mahali pake, wala usimruhusu aitoe ili kuweka nyimbo.

Ukiamua hatimaye kubadilisha, pima kwanza. Redio ya kimataifa ya ukubwa maradufu ina upana wa milimita 180, lakini nafasi ya Toyota nyingi za Japani ni milimita 200, kwa hiyo utahitaji vipande vya kujazia vya milimita 10 kila upande. Na usishawishiwe na maandishi ya wati 50 mara nne. Kwa volti 14.4 na spika ya omu 4, hesabu yenyewe haivuki wati 26 safi kwa kila spika, na redio nzuri hutoa karibu 20.

Fundi wa redio, Kibuye, Kisumu

Naongezea hapo. Nyaya za spika za redio ya dukani zinakuja mbilimbili: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu ni mbele kulia, kijani ni nyuma kushoto na zambarau ni nyuma kulia, na ule wenye mstari mweusi ni hasi ya jozi yake. Hasi hiyo si arthi. Ukiigusisha kwenye bodi ya gari ili kuokoa waya, amplifaya ya redio inaweza kuungua siku hiyohiyo.

Dereva wa lori, Malaba

Wakubwa, ninaendesha Isuzu ya volti 24. Rafiki yangu amenishauri nichukue volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili ili nifunge redio ya gari dogo yenye Bluetooth. Ni sawa?

Fundi wa redio, Kibuye, Kisumu

Si sawa, dereva, ingawa redio itawaka. Betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano hupata chaji moja kwa pamoja, na ukinyonya moja peke yake, hiyo itakuwa na njaa daima huku mwenzake akijazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati wake. Nunua kigeuzi cha volti 24 hadi 12 cha ampia 10 au zaidi, ukifunge mahali penye hewa kwa sababu hupata moto, na uweke fyuzi upande wa kuingia. Kwa redio inayokumbuka saa na vituo, hakikisha kigeuzi kina waya wa pili mdogo wa kuhifadhi kumbukumbu.

Muuguzi, Kakamega

Nimeikuta BT ikiwa kwenye ukurasa wa pili wa menyu ya vyanzo, na simu imeunganishwa bila namba ya siri. Sauti inatoka, ila ni ndogo kuliko ya redio, na nikipandisha sana kunakuwa na mvumo. Halafu bando inaisha haraka.

Mwenye uzi, Nakuru

Hongera dada. Pandisha sauti ya simu yenyewe karibu na mwisho, uache ngazi moja au mbili, kisha uongoze sauti kwa kitufe cha gari. Simu ikiwa chini na gari likiwa juu, gari hukuza mvumo pamoja na wimbo. Ukisikia mkwaruzo kwenye sauti za juu, shusha simu ngazi moja zaidi.

Kuhusu bando, Bluetooth haitumii hata kidogo. Kinachokula ni programu ya muziki inayovuta nyimbo mtandaoni: kwa ubora wa kilobiti 128 ni karibu MB 58 kwa saa, na kwa 320 ni karibu MB 144. Pakua nyimbo zako ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, uchague mfuatano kabla ya kuondoa gari, na simu ikae kwenye kishikio, kwa sababu kuishika ukiendesha ni kosa la barabarani.